Nani Kaezeka Nyumba ya Mama

Nyasi zilikaa nyuma ya nyumba yetu kiangazi kizima, zimefungwa vitita, zikimngoja mwanaume. Mama alizikata mwenyewe mlimani upande wa Kibimba, akazibeba kichwani, akazipanga kwa uangalifu kama mtu anayepanga nguo sandukuni. Kukata nyasi ilikuwa kazi ya mwanamke. Kuzibeba ilikuwa kazi ya mwanamke. Lakini kupanda juu ya nyumba na kuezeka, kwetu Ngara, haikuwa kazi yake, wala halikuwa jambo la kubishania. Nililijua hilo kabla sijajua kuhesabu, kama nilivyojua kwamba moto unaunguza.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, binti pekee wa mama. Tuliishi wawili katika nyumba ya miti na udongo, kwenye kijiji kilichokuwa bado kinanuka upya. Miaka michache kabla, malori yalitushusha kutoka milimani, ambako kila nyumba ilikuwa imejificha ndani ya migomba yake, yakatupanga mistari miwili kando ya barabara ya Mbuba, mlango ukitazama mlango. Kule juu mtu aliweza kulia mchana kutwa bila kusikika. Huku chini ulisikika hata ukikoroga uji. Nadhani upweke wa mama ulianzia hapo, katika kuonwa na kila mtu.

Baba aliondoka mwaka uliofuata. Sikumbuki ugomvi. Alikwenda Biharamulo na wenzake kufyeka mapori ya kulima, akakaa, na baadaye tukasikia kwamba ana nyumba huko na mwanamke ndani yake. Wazee wa pande zote mbili wakakutana, wakanywa pombe ya ndizi hadi jua likaegemea, wakawaachanisha. Sharti lilikuwa moja. Mama angekaa katika nyumba ile, angelima shamba lile na kunilea mimi, mradi asiingize mwanaume. Siku mwanaume akiingia, mama angetoka mikono mitupu, nami ningechukuliwa na baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekaa mwisho wa mstari wetu. Hakuna aliyeuliza baba anaishi na nani.

Kwa desturi, baba mkubwa ndiye aliyepaswa kutuezekea. Mama alikwenda kwake mara nyingi, na mimi nikiwa nyuma yake.

"Nitakuja, shemeji," alisema kila mara. "Wiki hii nina kazi ya kijiji."

Alipopita mbele ya nyumba yetu aliinua macho kutazama paa, akaangalia jinsi nyasi za zamani zilivyogeuka nyeusi na kuzama katikati kama mgongo wa ng'ombe mzee. Kisha aliendelea na safari yake. Alikuwa na wanawe watatu wakubwa wasiokuwa na kiwanja. Hata mimi, kwa akili yangu ya kitoto, nilielewa kwamba alikuwa anaisubiri mvua.

Basi mama akamwendea mpasua mbao. Huyu alikuwa mgane wa makamo, aliyefiwa na mkewe huko milimani kabla ya kuhamishwa, na zamani alikuwa rafiki wa baba. Tulimkuta nje anatia makali msumeno wake.

"Nyasi unazo, shemeji?" aliuliza, ingawa ziliweza kuonekana kutoka pale alipoketi.

"Ninazo."

"Fito?"

"Zipo. Na kamba nimesokota."

"Basi kinachokosekana ni mtu."

"Ndicho nilichokuja kuomba."

Alipitisha tupa kwenye meno ya msumeno taratibu, jino baada ya jino. Alikuwa na mikono mizuri, mikubwa, yenye vumbi la mbao kwenye vinyweleo. Nilimpenda. Nilitaka akubali, na sina hakika kama nilitaka paa tu.

"Nikipanda leo juu ya nyumba yako," alisema mwishowe, "kesho watasema nimeshukia ndani. Wewe utampoteza huyu mtoto. Mimi nitapata mke ambaye sikumposa."

Mama alicheka kidogo. Yeye hakucheka. Tuliporudi nyumbani mama alitembea mbele yangu kwa haraka, na nilipomfikia niliona amekaza midomo kama mtu aliyebeba maji kinywani.

Vita vilikuja na mvua za vuli. Kwenye redio ya ofisi ya kijiji tulisikia kwamba adui amevuka mpaka huko kaskazini, Kagera. Wanaume wa mgambo wakaitwa. Mjomba wangu pekee, aliyekuwa Karagwe, alikwenda. Kisha mtu mmoja aliyepita kutoka Biharamulo akatuambia kwamba baba naye amepandishwa lori na wenzake kuelekea vitani, amevaa koti la kuazima. Mama alimshukuru mtu huyo, akampa maji, akarudi jikoni. Chumvi ilikuwa imekwisha dukani, mafuta ya taa yamekwisha, na usiku tulilala giza likiwa zito juu yetu, tukisikiliza maji yanavyodondoka ndani ya vyungu. Mama alivijua vyungu vile kwa sauti. "Kile cha karibu na mlango kimejaa," angesema gizani, nami ningenyanyuka kukimwaga.

Nililowa kiasi kwamba kifua kikaanza kunibana. Nilikohoa Krismasi nzima.

Mvua zilipopumzika kidogo baada ya mwaka mpya, asubuhi moja yenye ukungu, ule ukungu wa Ngara unaoshuka hadi nyumba ya jirani inapotea, mama aliniamsha akaniambia nitoke nje. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Alikuwa amejifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja katikati ya miguu. Nilimtazama, nikaitazama ngazi, nikaanza kulia.

"Nyamaza," alisema. "Nipe kitita cha kwanza nikikuambia."

"Baba atakufa."

Hivyo ndivyo ilivyosemwa kwetu: mwanamke akipanda juu ya nyumba ya mumewe, amemchimbia kaburi. Waliachana, ndiyo, lakini nyumba ilikuwa bado nyumba ya baba, na baba alikuwa vitani.

Mama alishuka kidato kimoja, akanishika shavu. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Baba yako yuko mikononi mwa Mungu na wakubwa wake wa jeshi," alisema. "Wewe uko mikononi mwangu. Nipe nyasi."

Tulifanya hivyo asubuhi kadhaa, wakati wa ukungu tu. Ukungu ulipoanza kupasuka alishuka, ngazi ikafichwa, na tukakaa ndani kama wagonjwa. Alikuwa hajui kuezeka. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Alijua kushona vikapu, vile vikapu vyetu vyenye mfuniko uliochongoka ambavyo kila msichana hufundishwa, na akatumia alichokijua. Nilimsikia juu yangu akihema, akiongea na nyasi kwa Kihangaza, akiziambia zikae vizuri. Sijawahi tena kumsikia akiongea hivyo na mtu.

Ilipokwisha, nyumba yetu iling'aa mstarini, ya manjano kati ya nyumba nyeusi. Haikuwezekana kuificha.

Siku ile ile baba mkubwa alisimama mbele ya mlango wetu kwa muda mrefu. Nilimsalimia, "Shikamoo, baba mkubwa." Hakuitika. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwenyekiti kupeleka shauri: mke wa mdogo wake amekwishaingiza mwanaume, na mwanaume huyo ameezeka.

Baraza la usuluhishi lilikuja nyumbani kwetu, kwa sababu ushahidi ulikuwa hauwezi kupelekwa ofisini. Walikuja mwenyekiti, wazee wawili, na mama mmoja mnene, mcheshi, mwakilishi wa wanawake, ambaye alikuwa mkunga wa nusu ya kijiji. Nyuma yao wakaja watu wengine wote. Mpasua mbao aliitwa pia, akasimama pembeni, kofia mkononi.

Waliingia kutafuta mwanaume. Nimefikiri mara nyingi tangu siku ile jinsi jambo hilo lilivyo gumu. Mtu akiwepo, huacha alama: fimbo, kiatu, harufu. Lakini asiyekuwepo unamthibitishaje? Utaonyesha nini? Mama alisimama katikati ya chumba, mikono imefungwa mbele, huku wazee wakiufunua upweke wake kitu kimoja kimoja. Kitanda kimoja. Sahani mbili, moja imepasuka. Kigoda kimoja.

"Na kigoda cha pili kiko wapi?" aliuliza baba mkubwa.

"Hakuna," alisema mama.

"Kimefichwa, ndugu mwenyekiti."

"Kigoda kinafichwa vipi?" alisema mama mkunga. "Kinakwenda chenyewe?"

Watu mlangoni wakacheka. Baba mkubwa akaona majani ya tumbaku yaliyoning'inia juu ya jiko, akayang'oa, akayainua juu.

"Na hii? Mwanamke peke yake anafanya nini na tumbaku?"

"Kaka, hata mimi navuta kiko," alisema mkunga. "Niambie ni nani ananifuga, nimpikie leo."

Hapo hata wazee walicheka, na kwa muda mfupi nilidhani tutapona. Lakini baba mkubwa hakuwa mpumbavu. Alingoja kicheko kiishe.

"Chekeni," alisema kwa upole. "Halafu inueni macho. Nyumba haijiezeki. Mimi sikupanda. Wanangu hawakupanda. Kaka yake yuko vitani. Kuna mkono wa mwanaume hapo juu, na mwanaume haezeki nyumba asiyolala."

Wote walitoka nje, wakamgeukia mpasua mbao.

"Ni wewe?" aliuliza mwenyekiti.

"Siyo mimi, ndugu mwenyekiti. Aliniomba, nikakataa."

"Ulikataa kwa nini, kama hakuna kitu kati yenu?"

Mpasua mbao alizungusha kofia yake mikononi. Kwa kukataa alikuwa ametulinda, na sasa kukataa kwake kulikuwa shahidi mbaya kuliko kukubali. Mtu mmoja nyuma akasema, "Amepanda usiku huyo, anajua njia," na vijana wakacheka kicheko kile cha chini.

Mama hakusema neno. Nilijua kwa nini. Angesema kweli, angejivua kosa la kwanza na kuvaa la pili. Kila familia pale ilikuwa na mtu vitani. Kila mwanamke alikuwa anapita ofisini jioni kusikiliza redio, anarudi nyumbani na shingo iliyokakamaa. Kumwambia umati ule kwamba amepanda juu ya nyumba ya mwanaume aliye vitani ilikuwa kama kuwapiga usoni.

"Muulizeni mtoto," alisema baba mkubwa. "Mtoto hana hila."

"Mwacheni mtoto," alisema mkunga. Alikuwa amebaki mlangoni, anatazama juu kwa ndani, kwenye fito.

"Mtoto atasema," alisema mwenyekiti. "Njoo hapa, mjukuu wangu. Usiogope. Nani alipanda juu ya nyumba yenu?"

Nilimtazama mama. Hakunipa ishara yoyote. Nilikuwa na miaka tisa, na mbele yangu kulikuwa na majibu mawili, na yote mawili yalimuumiza mtu huyo huyo. Nilisikia kikohozi changu kinapanda.

"Usimuulize," alisema mama. "Nilipanda mimi."

Baba mkubwa akapiga makofi mara moja.

"Mnamsikia? Yuko tayari kusema hata hilo, mradi amfiche bwana wake."

Ikanijia, nikiwa pale, kwamba hawatamwamini. Kwamba amelipa na bado atapokonywa. Wazee walitikisa vichwa. Mmoja alisema kwamba mwanamke mwenye akili hawezi, hata akitaka miguu itakataa. Mwenyekiti alianza kusema maneno ya mwisho, yale yanayoanza na "kwa hiyo".

"Ndugu mwenyekiti," alisema mkunga kutoka mlangoni, na safari hii hakuwa na utani. "Njoo utazame. Njooni wote."

Waliingia. Alinyoosha mkono wake mnene akaonyesha juu. "Wanaume huezeka kwa kufunga mafundo, moja hapa, moja pale. Haya siyo mafundo. Hii ni mishono. Ona inavyozunguka, inavyopita chini ya mwenzake. Ameanzia pembeni kama anaanza mfuniko wa kikapu. Mwanaume gani katika kijiji hiki anajua kushona kikapu? Mnitajie, nikamwone."

Walisimama pale wameinua vichwa kwa muda. Na mimi niliona kwa mara ya kwanza kile ambacho mama alikuwa amefanya kwenye ukungu. Tulikuwa tunaishi ndani ya kikapu.

Mwenyekiti alitoka akatamka kwamba hakuna mwanaume, kwa hiyo sharti halijavunjwa, kwa hiyo nyumba na mtoto vinabaki. Akaongeza kwamba hayo mengine ya mwanamke na paa ni mambo ya zamani na serikali haiyatambui. Alisema hivyo bila kumtazama mama.

"Vizuri," alisema baba mkubwa. "Mtoto ni wako, shemeji. Umemnunua kwa uhai wa mdogo wangu."

Watu waliondoka. Mpasua mbao alikuwa wa mwisho. Alivaa kofia yake, akashika njia.

Hukumu ya baraza ilikuwa ya siku moja. Ile nyingine haikutangazwa na mtu, nasi tuliijua kesho yake, kwenye shamba la ujamaa. Wanawake walilima kwa mstari, bega kwa bega, wakiimba. Mama alipoingia mstarini, yule wa kulia alisogea, na yule wa kushoto alisogea, na mstari ukaendelea mbele ukiwa na pengo kila upande wake. Walimwachia nafasi kubwa. Nyimbo hazikukatika. Hakuna aliyemtukana hata siku moja, laiti wangemtukana. Alipofika kisimani, waliokuwa hapo walikumbuka kazi nyumbani. Hakuna aliyekuja kuomba moto. Na kila ilipokuja habari kwamba mtu wa kijiji fulani amefia vitani, kabla jina halijatajwa, macho yalikwenda kwenye nyumba yetu.

Mkunga pekee ndiye aliyekuja, mara moja moja, kuchukua tumbaku. Hata yeye hakukaa.

Kwa miezi yote ile mama alimwombea baba kuliko mke yeyote aliyemwombea mumewe. Asubuhi na jioni, magoti kwenye udongo, rozari mkononi. Sijui kama bado alimpenda. Nadhani alijua kwamba uhai wa mtu yule, aliyemwacha, ulikuwa umekuwa mlango pekee wa yeye kurudi kati ya watu.

Na baba alirudi. Vita viliisha, malori yakarudi yamepambwa majani, na siku moja ya kiangazi alitokea barabarani, amekonda, amevaa viatu vya jeshi. Alikuwa amekwishapita kwa kaka yake. Mama alimtolea kigoda nje na maji kwenye kikombe. Nilimwamkia, akaitika, akaniweka mkono kichwani kana kwamba anapima nimefika wapi. Kijiji kizima kilikuwa milangoni.

"Nimeambiwa ulipanda," alisema.

"Nilipanda."

"Nikiwa kule."

"Ulikuwa kule, na mtoto alikuwa analowa."

Alikunywa maji yote, akageuza kikombe, akakitikisa.

"Kuna usiku nilidhani nimekufa," alisema. "Nisingekuwa na habari ya kwamba ni wewe. Ningedhani ni vita."

Wakatazamana, na mama akaanza kucheka, naye baba akacheka, na nilidhani atakaa. Aliuliza kama kuna viazi. Akala. Kisha akasimama, akasema basi la Biharamulo halingoji mtu, akamuaga mama kwa mkono, kama wageni wanavyoagana. Jioni hiyo wanawake wawili walikuja kuomba moto. Walisimama mlangoni kwa aibu, wakasifu viazi vyetu, wakaondoka. Wengine walikuja siku zilizofuata. Pengo mstarini likapungua, ingawa halikuziba kabisa. Watu walikuwa wamekwishazoea kulima mbali naye, na mazoea hayahitaji sababu.

Mpasua mbao alioa mwaka huo, mwanamke kutoka Kibimba. Mama alimpelekea kikapu cha maharage. Hakuna tena aliyemshuku mama kuhusu mwanaume yeyote. Alikuwa amethibitishwa mbele ya kijiji, kwa ushahidi wa macho, kwamba anaishi peke yake, na hakuna mwanaume aliyethubutu kuligusa jambo lililokwisha kuamuliwa hivyo. Alikuwa na miaka isiyofika thelathini na tano.

Nilipofaulu kwenda sekondari, mama alibeba sanduku langu la bati kichwani tangu Mbuba hadi stendi ya Ngara, mlimani. Alikataa nimpokee. Kondakta, kijana mwenye maneno mengi, alilipokea sanduku, akamtazama mama aliyekuwa anafuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Mama, mzee yuko wapi? Kakuachia mzigo wote huu?"

"Sina mzee," alisema mama. "Ulizia baraza letu. Walitafuta nyumba nzima."

Kondakta hakuelewa, akacheka kwa adabu. Mama alikuja dirishani, akanipa mahindi ya kuchemsha yaliyofungwa kwenye jani la mgomba, akaniambia nisitoe kichwa nje. Kisha basi likawaka, naye akarudi nyuma pamoja na mama wengine waliosindikiza watoto wao. Wale walibaki pamoja, wakizungumza, wakipunga. Yeye alikwisha kugeuka. Alikuwa na njia ndefu ya kurudi, na alitaka kufika kabla jua halijawa kali.